Umbali wa Resolute na Grise Fiord

Ndugu mwandishi, ramani bapa uliyoitumia huvuta mno nchi za kaskazini. Vijiji hivi viwili vya Nunavut, Kanada, vimeachana kwa takriban nyuzi 12 za longitudo. Kwenye ikweta hizo ni zaidi ya kilomita 1,300. Huko juu, karibu na nyuzi 75 za latitudo, mistari ya longitudo imesogeleana sana, hivyo kwa ndege ni kama kilomita 380 tu.

Lakini kinachoniuma si hesabu. Barabara hakuna. Uwanja wa Grise Fiord ni mfupi, wa changarawe, umebanwa na milima, na hutua ndege ndogo kama Twin Otter. Hali ya hewa ikichafuka, hata mgonjwa husubiri. Na watu wa vijiji hivi walifikaje huko? Mwaka 1953 serikali ya Kanada ilizihamisha familia za Wainuit kutoka Inukjuak, karibu kilomita 2,000 kusini, kisha ikazitenganisha, nyingine Resolute, nyingine Grise Fiord. Iliomba radhi mwaka 2010. Basi nauli ya kwenda kuwaona jamaa zao, naona mimi, iwe juu ya serikali hiyohiyo.