Dada Yenu Yuko Wapi? Mafungo ya Vijana na Haki kati ya Ndugu wa Tumbo Moja





Parokia zetu nyingi huandaa mafungo ya vijana ya mwisho wa juma, hasa wakati wa Kwaresima na likizo za shule. Ratiba yake mnaifahamu. Vijana hufika Ijumaa jioni wakiwa na magodoro, shuka na michango yao ya maharage na ndizi. Jumamosi husikiliza tafakari, hukaa katika vikundi, hupokea sakramenti ya kitubio na kukesha mbele ya Ekaristi Takatifu. Jumapili huadhimisha Misa na kurejea makwao wakiimba. Nimeongoza mafungo ya namna hiyo mara nyingi, nami ni shahidi wa matunda yake. Hata hivyo, nimefikia kuamini kwamba mafungo yetu yana upungufu mmoja ulio mkubwa: tunawafundisha vijana kumpenda kila mtu, ila tunasahau kuwauliza wanaishije na ndugu zao waliozaliwa nao.

Vijana wa VIWAWA wanaujua utaratibu wa Kuona, Kuamua na Kutenda tuliourithi kutoka kwa Kardinali Joseph Cardijn wa Ubelgiji, mwanzilishi wa utume wa vijana wafanyakazi. Nami nitaufuata utaratibu huo.

KUONA

Mafungo mamoja katika parokia ya vijijini mkoani Kagera hayajanitoka moyoni. Ninayasimulia kwa idhini ya wahusika, nikiyaacha yote yanayoweza kuwatambulisha. Wala hakuna neno hapa nililolisikia katika kitubio.

Walifika ndugu watatu wa tumbo moja, wavulana wawili na msichana, wakiwa na godoro moja na mkungu wa ndizi. Kwa kuwa naifahamu familia yao, niliwauliza, "Dada yenu mkubwa yuko wapi?" Kaka yao akajibu bila kusita, "Padre, dada amebaki. Kuna mbuzi, kuna bibi mgonjwa, na tena ana mtoto mchanga."

Jibu hilo lilikuwa la kweli. Mbuzi hawajui kwamba leo ni mafungo, na mgonjwa hawezi kuachwa peke yake. Lakini usiku ule nilipoipitia orodha ya waliohudhuria, niliona kwamba familia zaidi ya moja ilikuwa imewaleta watoto wawili au watatu, na nyumbani amebaki mmoja wa kuchota maji na kutafuta kuni kwa niaba ya wote. Katika familia zile nilizozifahamu, huyo mmoja alikuwa msichana.

Jumamosi, katika vikundi, kaka yule alizungumza juu ya msamaha kwa ufasaha uliotugusa wote. Mdogo wake wa kike alikuwa ameinamisha kichwa. Baada ya chakula cha jioni walinijia pamoja, na msichana akasema mbele ya kaka yake maneno ambayo sikuyatarajia: "Padre, kaka anawasamehe watu wa mbali. Lakini kibanja cha baba walikigawa sisi tukiwa jikoni."

Ndivyo ilivyokuwa. Baba yao alipofariki, wazee wa ukoo walikaa sebuleni na kuwagawia wavulana migomba na mibuni. Wasichana walikuwa wakiwapikia wazee wale wale, wala hakuna aliyewaita kuulizwa neno. Dada mkubwa, ambaye ndiye aliyemuuguza baba hadi mwisho, alibaki anaishi pale kwa hisani ya wadogo zake. Kaka alijitetea kwa kusema, "Padre, ndiyo mila. Wao wataolewa."

KUAMUA

Katika Kiswahili neno "ndugu" tunalitumia kwa wepesi mno. Tuliitana ndugu katika siasa, na tunaitana ndugu katika Kristo. Sinodi ya Kwanza ya Maaskofu kwa ajili ya Afrika, iliyofanyika mwaka 1994, ilichagua kulitazama Kanisa kama Familia ya Mungu, na Papa Yohane Paulo II akalithibitisha fundisho hilo mwaka 1995 katika waraka wake juu ya Kanisa barani Afrika. Ni fundisho zuri. Lakini mfano huu utakuwa na nguvu gani kwa kijana ambaye kwao familia maana yake ni kwamba mmoja hupewa shamba na mwingine hupewa sufuria? Tusipoponya udugu wa damu, tunajenga udugu wa Kanisa juu ya mchanga.

Wapo watakaosema kwamba mambo ya ndugu wawaachie ndugu wenyewe. Wahenga walisema: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wakipatana, chukua kapu ukavune. Methali hii ina hekima, maana inamwonya mtu wa nje asishabikie ugomvi usiomhusu. Lakini Kanisa si mtu wa nje. Ndilo lililowabatiza ndugu hao katika kisima kimoja na kuwalisha Mkate mmoja. Tena hapa hapakuwa na ugomvi wowote wa kusubiri uishe. Palikuwa na ukimya, na ukimya wa mwenye kudhulumiwa haupaswi kuitwa amani.

Bwana wetu alilisema jambo hili waziwazi katika mahubiri yake ya mlimani. Mtu anayeleta sadaka yake madhabahuni, akakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka hapo, aende kwanza kupatana naye, ndipo arudi kuitoa (Mt 5:23-24). Angalieni vizuri: Yesu hakusema kwamba wewe una neno juu ya ndugu yako, bali kwamba yeye ana neno juu yako. Katika mafungo tunapenda kuwaandaa vijana kuwasamehe waliowakosea. Ni mara chache tunawauliza: ni nani mliyemkosea, naye yuko nyumbani sasa hivi akilisha mbuzi wenu?

Kuhusu urithi, wengine hunikumbusha kwamba Yesu alikataa kuwa mgawanyaji alipoombwa na mtu amwamuru ndugu yake agawane naye (Lk 12:13-15). Ni kweli, nami kama padre sina mamlaka ya kupima mipaka ya vibanja. Lakini someni maneno yanayofuata: papo hapo Bwana aliwaonya watu wajilinde na tamaa. Hakuibariki tamaa kwa sababu imevaa vazi la mila. Na kitabu cha Hesabu (sura ya 27) kinatusimulia habari za mabinti watano wa Selofehadi, waliosimama mbele ya Musa na mkutano wote wakidai sehemu ya baba yao asiyeacha mwana wa kiume. Musa alilipeleka shauri lao kwa Mungu, na Mungu akasema mabinti wale wanasema haki. Mila ilibadilishwa kwa sababu mabinti walithubutu kunena, na kiongozi wa dini hakuwanyamazisha.

Sheria za nchi yetu nazo zimepita njia hiyo hiyo. Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963 liliwaweka mabinti daraja la tatu katika urithi, nyuma ya wana wa kiume. Lakini mwaka 1990 Mahakama Kuu iliyoketi Mwanza, mbele ya Jaji Mwalusanya, iliamua shauri la Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya aliyerithi ardhi ya ukoo kwa wosia wa baba yake, akaiuza, akashtakiwa na jamaa yake wa kiume. Mahakama ilisema kwamba mila inayomzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo, huku ikimruhusu mwanamume, ni ubaguzi unaopingana na haki za binadamu zilizomo katika Katiba. Kisha Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ikatamka kwamba kanuni ya mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki, kukalia au kutumia ardhi ni batili. Ni aibu kwa Wakristo kuwa nyuma ya mahakama katika jambo ambalo Maandiko yalikwisha kulisema zamani.

Kuna pingamizi jingine ambalo nalipa heshima. Baadhi ya walezi husema ni afadhali ndugu wasiende mafungo pamoja, maana kijana mbele ya kaka yake hufunga mdomo. Ni kweli kwamba kijana anahitaji faragha, na dhamiri ya mtu haina mlinzi ila Mungu. Kwa hiyo siombi walale pamoja, wala wakae kikundi kimoja siku zote mbili. Ninaomba tusisahau kwamba Yesu aliwaita Simoni na Andrea pamoja, na Yakobo na Yohane pamoja. Hakuona kwamba udugu wao ni kikwazo cha wito.

KUTENDA

Kwanza, paroko na walezi wanapotoa matangazo ya mafungo, wawaalike watoto wa familia kwa jina la familia, na waulize ni nani anayebaki na kwa nini. Jumuiya ndogo ndogo ina watu wazima wanaoweza kukaa na mgonjwa na kulisha mifugo siku mbili. Kufanya hivyo ni kushiriki mafungo. Ada nayo ipunguzwe kwa familia yenye vijana wengi, ili umaskini usiwalazimishe wazazi kuchagua roho ipi ilishwe.

Pili, tumwondolee haya msichana aliyezaa nyumbani. Tangu Novemba 2021 Serikali imewaruhusu wasichana waliokatisha masomo kwa sababu ya ujauzito kurudi katika shule za kawaida. Je, mlango wa mafungo uwe mwembamba kuliko mlango wa shule? Na aje na mtoto wake. Kilio cha mtoto hakijapata kuivunja sala ya kweli.

Tatu, Jumamosi jioni, kabla ya kitubio, ndugu waliofika pamoja wapewe nusu saa ya kukaa peke yao kwa hiari, wakiwa na swali moja tu: ni deni gani tunadaiana nyumbani? Deni laweza kuwa kazi za mikono, karo aliyolipiwa mmoja kwa jasho la mwingine, au ardhi.

Nne, nasema kwa mkazo: pale ambapo ndugu amempiga, amemdhalilisha au amemwingilia nduguye, asilazimishwe mtu kukaa naye wala kumsamehe haraka ili mafungo yaishe vizuri. Usalama wa aliyeumizwa unatangulia. Mlezi aliyesikia jambo hilo nje ya kitubio awapeleke wahusika kwa afisa ustawi wa jamii au kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi. Upatanisho usiotanguliwa na haki ni bandeji juu ya kidonda chenye usaha.

Mtaniuliza yaliyowapata wale ndugu wanne. Jumapili ile hapakuwa na miujiza. Kaka alirudi nyumbani kimya. Lakini mafungo yaliyofuata alibaki yeye na bibi na mbuzi, na dada mkubwa akaja, amechelewa, mtoto mgongoni, akaketi benchi la nyuma kabisa. Baadaye kaka yule aliwaomba wazee wa ukoo wakae tena, safari hii dada zake wakiwa sebuleni. Shauri la kibanja halijakwisha hadi ninapoandika, na wazee wawili bado wanalipinga. Lakini sasa linazungumzwa mbele ya dada, si nyuma yake. Kwangu hilo ni tunda la mafungo kuliko nyimbo zote tulizoimba.

Mungu alimwuliza Kaini alipo ndugu yake, naye Kaini akajifanya hajui. Sisi tunajua. Ndugu yetu yuko kisimani, yuko jikoni, yuko kando ya kitanda cha mgonjwa. Basi twende tukamwite.

MASWALI YA KUTAFAKARI KATIKA JUMUIYA

1. Katika familia zetu, ni nani hubaki nyumbani wengine wanapokwenda kusali? Nani aliamua hivyo?

2. Je, mabinti wa jumuiya yetu wanaitwa pale mali ya wazazi inapogawanywa? Kama hawaitwi, tutaanza lini kuwaita?

3. Mafungo yajayo ya vijana, jumuiya yetu itatoa msaada gani ili ndugu wote waweze kuhudhuria?