Hesabu za mpakani ziingie darasani

Jumamosi, mtoto anayemsaidia mama yake kuuza nyanya Tunduma hupokea kwacha, huzigeuza shilingi kichwani na kurudisha chenji kabla mteja wa Nakonde, upande wa Zambia, hajafunga mfuko wake. Jumatatu, mtoto huyohuyo anakwama kwenye swali la uwiano, na anaambiwa hana kichwa cha hesabu. Anaonewa.

Mwaka 1985, Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann walichapisha utafiti wao kuhusu watoto watano waliokuwa wakiuza bidhaa mitaani Recife, Brazili. Wakiwa kwenye biashara yao, watoto hao walipata asilimia 98 ya hesabu walizoulizwa. Hesabu za aina hiyo zilipoandikwa kama maswali ya maneno walipata asilimia 74. Zilipobaki namba tupu, 37. Mwaka 2025, kundi la watafiti, wakiwamo Abhijit Banerjee na Esther Duflo, lilikuta hali hiyo kwa watoto wa masoko ya Kolkata na Delhi. Likakuta na jingine, ambalo walimu wetu wangelitafakari kwa makini: wanafunzi wasiofanya biashara, waliozoea namba za daftarini, walihangaika na hesabu za sokoni.

Soko na ubao havijakutanishwa. Mkoa wetu wa Songwe unaweza kuvikutanisha bila kuagiza chochote kutoka mbali. Bei ya kwacha ya jana na ya leo ni uwiano. Lumbesa, dhuluma ya gunia kujazwa kupita kipimo ambayo wakulima wameilalamikia miaka na miaka, ni asilimia. Mkulima wa Mbozi akijaza kilo 130 kwenye gunia linalolipwa kama la kilo 100, amepoteza sehemu gani ya mzigo wake? Wengi watajibu asilimia 30. Jibu ni 23, na kubishana hadi darasa zima lione kwa nini kunatosha kipindi kizima.

Wazazi nao waambiwe. Kila mwaka Baraza la Mitihani huchambua majibu ya watahiniwa, swali kwa swali, na kuonyesha walipoteleza. Ni kazi ya maana sana. Lakini uchambuzi wa hisabati ya kidato cha nne huandikwa kwa Kiingereza, na mzazi wa Momba au Ileje anabaki na daraja la mwanawe tu, asijue limetokana na nini. Ofisi ya elimu ya mkoa, pale Vwawa, itoe muhtasari wa kurasa mbili kwa Kiswahili, usomwe kwenye mikutano ya wazazi.

Machi 14 ni Siku ya Kimataifa ya Hisabati, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2019. Tunaomba Tunduma iiadhimishe sokoni: ubao usimamishwe kando ya wabadilisha fedha, mtoto aulizwe kwanza swali la kwacha kwa mdomo, kisha mwalimu amwandikie lilelile kwa chaki, mama yake akiwa pale anatazama.