WAJA LEO WAONDOKA LEO: STAA WA TANGA AHAMA MTANDAO KISA GAWIO, WALIOMFUATA WANALIA!

Ukitaja Tanga, hata mtu ambaye hajawahi kushuka stendi ya Kange atakwambia "waja leo, waondoka leo". Msemo huo ni wa mji, lakini siku hizi umegeuka tabia ya watu na akaunti zao za simu. Gawio likishuka, laini inatupwa. Mtandao wa pili ukitangaza bonasi, foleni kwa wakala. Baada ya miezi mitatu foleni imeshahamia kwa mtandao wa tatu.

Safari hii aliyewasha moto ni mdada mmoja, jina kapuni, anayejulikana mjini kwa kupamba maharusi na kuuza vijora Ngamiani. Gawio lake la miezi mitatu lilizoea kuja kama elfu 18, likaja elfu 11. Bibie akapandisha hasira, akaweka status: "Nahama leo, anayenipenda anifuate." Na kweli wakamfuata. Siku mbili nzima status zilijaa picha za laini zilizokatwa kwa mkasi.

Kuhama ni haki yake, hela ni yake na jasho ni lake. Lakini kuwaburuta watu kwa hesabu ambayo hata yeye hakuipiga, hapo ndipo penye kesi.

Kwanza tuwekane sawa: gawio la kwenye simu sio zawadi. Kampuni ya simu hairuhusiwi kuifanya hela ya wateja kuwa yake. Inatakiwa kuiweka benki kwenye akaunti maalum ya amana, na benki inailipa faida. Faida hiyo ndiyo inayogawiwa kwa watumiaji, kila mtu kwa kadiri ya salio analoacha na jinsi anavyotumia huduma. Yaani unarudishiwa matunda ya hela yako mwenyewe, halafu unatumiwa meseji ya "hongera" kama vile umeshinda bahati nasibu.

Ukishaelewa hapo, utajua kwa nini gawio linashuka. Mwaka 2014, Tigo Pesa (siku hizi inaitwa Mixx by Yas) walipogawa kwa mara ya kwanza, zilitoka zaidi ya shilingi bilioni 14 kwa watumiaji kama milioni 3.5. Watu walishangilia mitaani. Lakini ile ilikuwa faida iliyolala kwa miaka mitatu na nusu! Ikaanza kugawiwa kila baada ya miezi mitatu, sasa hapo ulitegemea mgao wa miezi mitatu ufanane na wa miaka mitatu na nusu? Na wewe mwenyewe, kama zamani ulikuwa unaacha laki tatu kwenye simu na sasa hela ikiingia asubuhi unaitoa kabla ya adhuhuri, gawio litoke wapi?

Sasa turudi kwa bibie. Amepungukiwa elfu 7 kwa miezi mitatu, gawanya, haifiki 2,400 kwa mwezi. Anatoa hela kwa wakala mara nane kwa mwezi kulipia maua, vitambaa na vijana wa kubeba viti. Huko alikohamia makato ya kutoa, kwa kiasi anachotoa yeye, yamezidi kwa jero kila mara. Jero mara nane ni 4,000. Kakimbia hasara ya 2,400 kaenda kukumbatia hasara ya 4,000, na bado anaita ushindi. Hapo hujaweka nauli ya boda kumtafuta wakala mwenye salio la kutosha akiwa na harusi Pangani au Mkinga.

Yeye atavumilia, ana duka. Kinachouma ni waliomfuata. Mmoja wao ni mama yake mdogo, anayekaanga samaki Makorora. Alfajiri huenda Deep Sea kununua, jioni anauza. Kwa miaka kadhaa alikuwa anakopa kwenye simu na kulipa kwa wakati, mpaka kiwango chake kikafika laki mbili. Kwa mtu wa samaki hiyo ndiyo biashara yenyewe. Akahama kwa kumpenda mtoto wa dada yake. Wiki moja kabla ya mfungo akampigia:

"Mwanangu, ule mkopo wangu wa kwenye simu siuoni."

"Shikamoo mama mdogo. Huku wewe ni mpya, mpaka wakuzoee kwanza."

"Wanizoee mpaka lini? Mfungo ni wiki ijayo!"

Mfungo ndio msimu wake, kila nyumba inataka samaki wa futari. Mtaji ukakosekana, mama wa watu akaishia kwenye mikopo ya kausha damu: chukua laki, rudisha laki na thelathini ndani ya mwezi. Hiyo haikuwekwa status. Hakuna aliyeipiga picha na mkasi.

Kuna watakaosema watu wakinyamaza kampuni zitazoea. Ni kweli, na zipo siku za kupiga kelele. Julai 2021 serikali ilipoweka tozo ya kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala, nchi nzima ililalamika, na kufika Septemba mwaka huohuo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Lakini angalia watu walilalamikia nini: makato! Makato yanamgusa kila anayetuma hela ya shule na kila anayetoa hela ya dawa. Gawio linamnufaisha zaidi mwenye salio nono. Mastaa wakipiga kelele za gawio wanapigania mfuko wao, muuza samaki anabebeshwa bango tu.

Na wanaokimbilia benki kisa kadi mpya ina pointi, nao watulie. Januari 2018 Benki Kuu ilifunga benki tano kwa siku moja, mojawapo Meru Community Bank ya hukohuko kaskazini. Wakati ule bima ya amana ilikuwa inalipa mwisho shilingi milioni 1.5, aliyeweka zaidi ya hapo alibaki kusubiri mali za benki ziuzwe. Hazikufungwa kwa sababu ya pointi, zilikosa mtaji wa kutosha. Kwa hiyo kabla hujauliza utapewa nini ukiingia, uliza hela yako itakaa salama kiasi gani.

Kampuni nazo zisijifiche. Kama gawio limeshuka, andika sababu kwenye meseji hiyohiyo: faida ya benki imeshuka, au salio la mteja limepungua. Ukimtumia mtu "hongera" wakati kapungukiwa, umemtukana, na mtu aliyetukanwa hapigi hesabu.

Haya, nani ahame? Ahame yule aliyekaa chini na karatasi, akajumlisha makato ya kutoa na kutuma kwa mwezi, akaona kwingine ni nafuu hata baada ya kutoa gawio lote pembeni. Ahame kama wakala wa huko yuko karibu na kama hana kiwango cha mkopo anachokitegemea. Na ajue kwamba tangu Machi 2017 unaweza kuhamisha namba yako kwenda mtandao mwingine, lakini hela na historia yako ya mkopo havifuati namba. Toa salio, lipa deni, ndipo uhame. Kama hajafikia huko, akae na laini yake ya zamani, afungue na ya pili ajaribu taratibu. Nani kasema lazima mkasi?

Bibie wa vijora ameshaanza kusema huko alikohamia napo "wanazingua". Akihama tena, atawafuta machozi aliowaita mara ya kwanza? Mama yake mdogo bado anarudisha ile laki na thelathini.

Je, wewe uliyekata laini, ulipiga hesabu au ulifuata status? Funguka hapo chini.