Ukipandisha bei, mhesabu na mwenzake

Wauzaji wenzangu wa mtandaoni, hebu tuwatazame wacheza bridge. Ni karata za watu 4, wawili kwa wawili. Kule Bridge Base Online meza za kawaida ni bure, ila mashindano mengi yana kiingilio. Sasa kiingilio kikipanda kidogo tu, anayecheza mara 5 kwa wiki anaongezewa mara 5. Akijitoa, mwenzake naye mara nyingi anakaa pembeni. Wawili hao wameenda! Na meza ya bure ipo palepale.

Kwako ni wale majirani wanaochangia nauli ya bodaboda. Mmoja akikimbia bei, mwenzake anabeba nauli yote, naye anahama. Kabla hujapandisha, ongea na wote wawili, siyo yule anayekutumia meseji tu.