MWANJELWA WANAUZA MTANDAONI, DODOSO LINASEMA HAWAUZI

Leo tuongelee takwimu. Najua kuna walioanza kutafuta pa kubonyeza watoke... vumilieni kidogo, maana hii inahusu mshiko wetu.

Swali lenyewe ni hili: ni biashara ngapi za huku Nyanda za Juu Kusini zinatumia mtandao, na ngapi zinauza kupitia mtandao? Ukilisikia ni rahisi. Lakini jibu linategemea nani ameulizwa, ameulizwa nini, na "kuuza mtandaoni" ina maana gani kwenye karatasi ya muulizaji. Badilisha kimoja tu kati ya hivyo, Mbeya itaonekana imeendelea kuliko Nairobi, au itaonekana kama haijawahi kuona simu. Na mfanyabiashara ni yule yule, simu ni ile ile.

NANI ANAULIZWA?

Tuanze na hapa. Benki ya Dunia imefanya utafiti wa makampuni hapa Tanzania mwaka 2006, 2013 na 2023. Ni kazi ya maana, wanakaa na mwenye kampuni au meneja na kumuuliza kuanzia umeme mpaka rushwa, na teknolojia imo. Ila kuna sharti: biashara iwe rasmi, na iwe na wafanyakazi kuanzia 5. Wenzetu wa Ulaya, kupitia ofisi yao ya takwimu ya Eurostat, huwa wanaanzia wafanyakazi 10.

Sasa chukueni sera yetu wenyewe ya biashara ndogo na za kati, ya mwaka 2003. Inasema biashara ndogo sana ni yenye watu 1 mpaka 4, ndogo ni 5 mpaka 49, ya kati ni 50 mpaka 99, kubwa ni 100 na kuendelea. Mmeona hapo? Kigezo cha wafanyakazi 5 kinaanza pale pale biashara ndogo sana inapoishia. Kundi zima limebaki nje ya mlango!

Na kundi lenyewe sio la kupuuza. Utafiti wa wizara ya viwanda na biashara uliofanyika 2010, ripoti ikatoka 2012, ulikuta biashara za aina hii zaidi ya milioni 3 nchi nzima, zikiwa na watu kama milioni 5.2 wanaofanya kazi humo. Toa simu ugawanye. Haifiki watu wawili kwa biashara moja. Maana yake biashara ya kawaida ya Kitanzania ni mama na binti yake, au jamaa na mdogo wake, au mtu peke yake.

Kenya nao ni hivyo hivyo. Utafiti wao wa 2016 ulipata biashara ndogo na za kati kama milioni 7.4, lakini zenye leseni zilikuwa milioni 1.56 tu. Kwa hiyo ukichukua daftari la leseni ukasema "ngoja nichague humu watu wa kuhoji", zaidi ya milioni 5.8 hawana hata nafasi ya kuchaguliwa.

Wataalamu orodha hiyo ya kuchagulia wanaiita fremu. Sio fremu ya kupanga duka, jamani! Lakini ndio hapo sasa: unaweza ukawa na fremu yako Kabwe au Miomboni, unalipa kodi kila mwezi, na bado usiwe kwenye fremu ya takwimu.

ANAULIZWA NINI?

Mwaka 2004 mashirika kadhaa ya kimataifa yaliungana ili nchi zote zipime mambo ya kidijitali kwa namna moja. UNCTAD, lile la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo, ndilo lenye kitabu cha mwongozo kwa upande wa biashara. Maswali ya msingi ni kama haya: je, biashara inatumia kompyuta? Inatumia intaneti? Ina ukurasa mtandaoni? Inapokea oda kupitia intaneti? Inaagiza mali kupitia intaneti?

Yanaonekana mepesi, lakini kila neno lina mpaka wake. Kwenye miongozo hiyo "kompyuta" haijumuishi simu ya mkononi. Lakini "kutumia intaneti" inakubalika hata ukitumia kwa simu. Kwa hiyo dada anayeuza vitenge pale Mwanjelwa kwa simu yake ya kupangusa atatoka hivi: kompyuta HAPANA, intaneti NDIYO. Mwanasiasa mmoja akishika jibu la kwanza atasema wafanyabiashara wetu bado wako gizani. Mwingine akishika la pili atasema tumeshafika. Wote wanasoma karatasi moja.

Angalia pia tofauti ya "biashara INA kompyuta?" na "biashara INATUMIA kompyuta?" Mzee wa mbao pale Mafinga hana kompyuta hata moja. Lakini jina la biashara BRELA alisajili mtandaoni, kijana wa steshenari ndiye aliyebonyeza. Ukimuuliza kama anayo, atasema hapana. Ukimuuliza kama kuna kazi ya biashara yake inayofanyika kwa kompyuta, hata kwa kulipia mtu mwingine, atakwambia ndiyo. Neno moja tu limebadilika.

Halafu kuna ishu ya tovuti. Kwa miaka mingi utafiti wa Benki ya Dunia ulikuwa unauliza kama kampuni ina tovuti yake yenyewe. Enzi hizo ilikuwa na mantiki. Lakini Novemba 2019 Jumia, duka kubwa la mtandaoni, lilifunga shughuli zake Tanzania. Mtu anayepima biashara ya mtandaoni kwa kuhesabu maduka yenye tovuti angeandika msiba. Mtaani je? Watu waliendelea kuuza viatu na nguo Instagram, na mchele kwenye magrupu ya WhatsApp. Biashara haikufa, ilikuwa sehemu ambayo mpimaji haangalii.

KUUZA MTANDAONI NI NINI HASA?

Hapa ndipo pana utamu. OECD, umoja wa nchi tajiri, mwaka 2009 walitoa maana ambayo nchi nyingi zinaifuata. Biashara ya mtandao ni kuuza au kununua ambapo ODA inawekwa kwenye mtandao wa kompyuta kwa njia iliyotengenezwa maalumu kwa ajili ya kupokea au kutuma oda. Malipo sio lazima yawe ya mtandao. Usafirishaji pia sio lazima. Kinachoangaliwa ni oda. Na wakasema wazi kuwa oda ya kupiga simu, ya faksi, na ya barua pepe iliyoandikwa kwa mkono HAZIHESABIWI.

Haya, sasa tulete hiyo maana hapa kwetu. Muuza mchele wa Kyela anaweka picha kwenye status. Mteja wa Dar anaandika: "Mama, nifanyie kilo hamsini, nakutumia hela sasa hivi." Hela inaingia kwa M-Pesa, mchele unapanda basi usiku, asubuhi mteja anaufuata Magufuli Stendi kule Mbezi. Kwako wewe na mimi hiyo ni biashara ya mtandao kwa asilimia mia. Kwa mantiki ya OECD, meseji ile iliyoandikwa kwa mkono inakaa kundi moja na barua pepe ya kuandika. Inatupwa nje. Jibu: HAUZI MTANDAONI.

Siwalaumu. Ukihesabu kila ujumbe, utafika mahali kila "shem, sukari ipo?" ni biashara ya mtandao, na namba itapoteza maana. Walitaka kupima mifumo inayopokea oda yenyewe bila mtu kukaa anajibu. Tatizo linakuja pale tunapoichukua maana hiyo nzima nzima na kuipandikiza Uyole na Ipogolo, ambako mfumo wa oda ni kidole gumba cha muuzaji.

Kuna na mkanganyiko wa upande wa pili, wa kudhani malipo ya simu ndio mauzo ya mtandaoni. M-Pesa iliingia Tanzania 2008, na leo lipa namba ipo mpaka kwenye genge la nyanya. Mteja anasimama mbele yako, anachagua nyanya kwa mkono, analipa kwa simu. Hayo ni malipo ya kidijitali, lakini oda sio ya mtandaoni. Mwingine anaagiza vitunguu vya Ruaha Mbuyuni kwa WhatsApp, mzigo ukifika analipa taslimu. Hapo oda ni ya mtandaoni, malipo sio. Dodoso lenye swali moja tu, "je, unatumia teknolojia kuuza?", linawachanganya wote hawa kwenye gunia moja.

Vivyo hivyo na namba za TCRA. Mwishoni mwa 2024 laini za simu nchini zilikuwa zaidi ya milioni 80, wakati Sensa ya 2022 ilituhesabu watu milioni 61.7. Laini sio mtu, na wala sio biashara. Mtu mmoja ana laini tatu, moja ya bando, moja ya kupokelea hela, moja ya nyumbani.

HESABU YA KUFIKIRIKA

Tuchukue mji wa kubuni, namba hizi ni zangu za mfano tu. Una biashara 100. Kumi ni rasmi zenye wafanyakazi 5 na zaidi, na 8 kati ya hizo zinapokea oda kwa tovuti. Zile 90 ndogo hazina tovuti, lakini 60 kati yake zinapokea oda kwa WhatsApp.

Ukiuliza zile kubwa tu: asilimia 80 wanauza mtandaoni. Ukiuliza wote kwa kigezo cha tovuti: asilimia 8. Ukiuliza wote na kuhesabu meseji: asilimia 68. Mji ni ule ule, siku ni ile ile, na hakuna aliyedanganya!

Na bado hatujauliza kiasi. Anayeuza sketi moja kwa mwezi WhatsApp na anayepakia Fuso zima la mbao kwa oda ya WhatsApp, wote wanahesabiwa "moja". Ndio maana swali la maana zaidi ni: katika kila shilingi 10,000 uliyouza mwezi uliopita, ngapi zimetokana na oda za mtandaoni? Gumu, najua, wengi hatuna daftari la mauzo. Lakini hata makisio ya "hakuna, robo, nusu, zaidi ya nusu" yanasema mengi kuliko ndiyo na hapana.

WOGA NA MIPAKA

Kuna kitu dodoso haliwezi kukitatua lenyewe, nacho ni woga. Anayekuja na kishikwambi na kitambulisho shingoni akauliza "unauza kiasi gani kwa simu", kichwani kwa muuzaji inalia kengele moja: TRA. Watu hawajasahau tozo za miamala zilizoanza Julai 2021, mpaka serikali ikazipunguza kwa asilimia 30 Septemba ya mwaka huo huo. Sheria ya Takwimu ya 2015 inataka taarifa za mtu mmoja mmoja zitunzwe kwa siri, lakini hilo sokoni halijulikani. Mtu akiogopa anajibu "hapana" na namba inashuka.

Na mwangalie mipaka mnapolinganisha miaka. Njombe ilitoka Iringa 2012, Songwe ikatoka Mbeya 2016. Tunduma na magari yake yote ya mpakani ilikuwa Mbeya, sasa sio. Mtu akikuletea namba ya "Mkoa wa Mbeya" ya 2013 na ya leo bila kusema hilo, anakulinganishia mikoa miwili tofauti.

SASA SISI INATUHUSU NINI?

Inatuhusu kwa sababu hela za miradi zinafuata namba. Namba ikisema wafanyabiashara wa Iringa hawauzi mtandaoni, utaletwa mradi wa kuwafundisha kutengeneza tovuti, watu watapewa soda na posho, picha zitapigwa, basi. Wakati shida halisi ya muuzaji ni bando, ni mzigo unaopotea njiani, ni matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii", ni mteja wa Dar ambaye hamwamini mtu asiyemjua. Namba mbaya inaleta dawa ya ugonjwa mwingine.

Mimi shule nimeishia sekondari, sijasomea takwimu, lakini ningependa kuona dodoso lenye mambo manne. Liwaulize na wenye mtu mmoja, sio kuanzia watano tu. Litenganishe oda, malipo na usafirishaji, kila kimoja na swali lake. Oda za meseji zihesabiwe kwenye mstari wake peke yake, bila kuchanganywa na zile za tovuti, ili tulingane na dunia na bado tujione wenyewe. Na liulizwe kwa lugha ya sokoni. "Je, biashara yako inashiriki katika miamala ya kielektroniki?" hilo hata mimi nageuka nyuma kuangalia anaulizwa nani. Uliza hivi: "Mwezi uliopita, kuna mtu alikuagiza kitu kwa simu bila kufika hapa?" Utaona majibu yatakavyomiminika.

Na wewe unayesoma, siku nyingine ukikuta kichwa cha habari "asilimia kadhaa ya wafanyabiashara wapo kidijitali", usikimbilie kushangilia wala kuponda. Tafuta kwanza waliulizwa akina nani, na waliulizwa swali gani. Habari isiyosema hayo mawili haijakwambia kitu.

Nyie wa Soweto, Sokomatola, Kihesa, Mafinga, Tukuyu, mnauzaje? Tupeni hali halisi hapo chini kwenye maoni. Wa kuponda pia karibuni, ila mje na hoja.

Tupo pamoja.