Uzito wa Jaketi Ubebwe na Wote

Mbio za mitumbwi si mchezo tulioletewa kutoka ng'ambo. Mwana wa Bezi, wa Ukara au wa Kome hakufundishwa kupiga kafi na mwalimu wa michezo. Alifundishwa na nyavu za baba yake, na njaa, na usiku ule ambao mgonjwa alikuwa hana budi avushwe kupelekwa zahanati na injini haikuwapo. Ndiyo maana mitumbwi inapopangwa mstari mmoja mbele ya Mwaloni Kirumba watu huacha biashara zao wakajaa ufukoni, kwa kuwa kila mmoja anaiona pale kazi yake ya kila siku ikipewa heshima. Mashindano yale yaliyojulikana kwa jina la Balimi yaliwahi kuzikusanya timu za wanaume na za wanawake kutoka mikoa ya ziwa hili na hata kutoka Kigoma, na fainali zake zikavuma nchi nzima. (Kwamba jina la mchezo wa vijana liwe jina la kileo, hilo ni jambo jingine nalo lina siku yake.)

Sisi tunaunga mkono mashindano hayo, pamoja na yale yanayoandaliwa na halmashauri, na waheshimiwa wabunge, na makampuni. Tunasema hivyo mapema asije akatokea mtu wa kutusingizia kwamba tunaupiga vita mchezo wa wavuvi. Tunachotaka kukisema leo ni kwamba mchezo huu, kwa jinsi unavyoendeshwa katika mialo yetu mingi, unamwadhibu mtu mwenye hadhari na kumpa kombe mtu asiyejali maisha yake.

Tutoe ushahidi. Mwaka mmoja tulihudhuria mbio katika mwalo ambao hatutautaja. Mbio zilitangazwa kuwa zingeanza saa tatu asubuhi, ziwa likiwa bado limelala. Mgeni rasmi alichelewa, na gari la watu wa televisheni nalo likachelewa, na waandaaji wakaona ni aibu kuanza bila wao. Ngoma ya kuanzia ilipigwa yapata saa nane mchana. Kila mvuvi anajua jinsi upepo wa ziwani unavyoinuka kadiri jua linavyopanda. Saa nane mawimbi yalikuwa yakivunjikia mchangani. Majaketi ya kuokolea maisha yaliletwa, tena ya kutosha, lakini kanuni haikusema kwamba ni lazima kuyavaa. Timu moja ya vijana iliyavaa. Timu nyingine zote ziliyaacha yamerundikwa ufukoni kama magunia ya dagaa, kwa sababu jaketi lina uzito, tena linabana bega la mtu anayepiga kafi. Kwenye boya la kugeukia mitumbwi miwili iligongana na mmoja ukapinduka. Waliookoa watu ni wavuvi wa dagaa waliokuwa wakitengeneza karabai zao karibu na hapo, si chombo cha uokoaji, maana hakikuwapo. Timu iliyovaa majaketi ilifika ya mwisho, na watu wakaicheka.

Kicheko kile ndicho kilichotufanya tuandike. Wale vijana hawakushindwa kwa ulegevu. Walishindwa kwa sababu walibeba mzigo ambao wenzao hawakuubeba, nao mwaka uliofuata walikuja wakiwa vifua wazi kama wengine. Nani atawalaumu? Kanuni ndiyo iliyowafundisha.

Wapo viongozi wanaodhani kwamba haki ya mchezo ni shauri moja na usalama wake ni shauri jingine, la kwanza likiwa la mwamuzi na la pili la polisi. Sisi tunaona kwamba ni shauri moja. Katika mchezo wowote wa mbio, kila kinachomlinda mtu humpunguzia kasi: jaketi, kopo la kukumbia maji, mbao nene za mtumbwi, mzunguko mpana kwenye boya. Kikiachwa kiwe hiari ya mtu, atakayekichagua atashindwa. Kikilazimishwa kwa wote, hakuna atakayepungukiwa na kitu.

Wenzetu wa mbali wamelitambua jambo hili, tena katika mchezo wa mbwa. Msomaji asicheke. Wenye ving'amuzi majumbani wamewahi kuona mashindano ambayo mbwa huruka viunzi, hupita ndani ya mapipa marefu na kupanda mbao zilizoinuka, bwana wake akikimbia pembeni na kumwelekeza kwa sauti na kwa mkono bila kumgusa. Mchezo huo ulionyeshwa katika maonyesho ya Crufts mjini London mwaka 1978, ukiwa kitumbuizo tu cha kujaza nafasi, nao uliigwa kutokana na farasi wanaoruka viunzi. Leo unashindaniwa katika nchi nyingi na kuonyeshwa katika televisheni. Sisi tuliokaa chuoni mbele ya mwalimu wa Kurani tulifunzwa kujiepusha na mate ya mbwa, lakini tulifunzwa pia kisa cha mtu aliyemteremkia mbwa kisimani akamnywesha maji kwa kiatu chake, akasamehewa madhambi yake. Kwa hiyo hatuoni haya kujifunza kutoka huko.

Kwanza, mbwa hupimwa kimo chake mabegani, naye hushindana na wa kimo chake, na kiunzi huteremshwa kwa kadiri hiyo. Pili, ufito wa kiunzi haukupigiliwa misumari. Umewekwa tu, ili mguu ukiugusa uanguke wenyewe na mbwa asivunjike. Tatu, na hili ndilo kubwa, mwisho wa kila ubao wa kupanda umepakwa rangi tofauti, na mbwa hana budi akanyage pale penye rangi. Mbwa mwepesi angeweza kuruka kutoka juu katikati ya ubao akaokoa muda, lakini angeumia mabega. Basi kanuni inasema kwamba asipokanyaga rangi anatozwa pointi tano za makosa, na katika mbio zinazoamuliwa kwa sehemu ya sekunde pointi hizo ni kifo cha ushindi. Hivyo njia ya salama imefanywa kuwa ndiyo njia ya kushinda, na mwenye mbwa hahitaji kuhubiriwa huruma. Tena kila mbwa hukimbia peke yake akishindana na saa, hivyo hakuna wa kumgonga mwenzake.

Kama mfano huo uko mbali, upo wa karibu na ndugu zetu walioko Ghuba. Katika mbio za ngamia, mpandaji mwepesi ndiye mwenye faida, na kwa kuwa faida hiyo iliachwa huru, watu waliitafuta mpaka wakaipata kwa watoto wadogo, waliotolewa katika nchi maskini na kunyimwa chakula wasije wakanenepa. Ubaya huo ulidumu miaka mingi. Kanuni za umri na uzito ziliwekwa. Na mwaka 2005 Qatar na Falme za Kiarabu zikaanza kuwapandisha ngamia roboti badala ya watoto. Ngamia wanakimbia kama kawaida, na televisheni zinaonyesha kama kawaida.

Turudi ziwani kwetu. Kirumba ni mahali ambapo samaki na dagaa hupimwa mbele ya muuzaji na mnunuzi, na ole wake atakayechezea mizani. Lakini siku ya mashindano hakuna anayepima mtumbwi. Kila timu huja na wake. Mmoja ni mrefu, mwingine mfupi; mmoja umeanikwa mchangani kwa majuma mawili hadi mbao zikakauka zikawa nyepesi, mwingine umetoka kuvua usiku uleule na umejaa maji katika kila ubao. Wa kwanza ni wa timu yenye mfadhili. Wa pili ni wa watu wa kisiwani ambao hawana mtumbwi mwingine wa kutafutia riziki wakati huo wa kukausha. Kisha tunasimama jukwaani na kusema kwamba bora ameshinda.

Waandaaji watengenezewe mitumbwi ya kipimo kimoja na fundi mmoja, nayo igawiwe kwa kura asubuhi ya siku hiyo mbele ya manahodha wote. Pasipo na uwezo huo, zitumike mbio za mitumbwi miwili miwili, na timu zibadilishane vyombo katika mzunguko wa pili. Kila mtumbwi uwe na boya lake la kugeukia, asiwepo wa kumkata mwenzake. Jaketi livaliwe na lifungwe, na mtumbwi utakaofika na mtu mmoja aliyelivua usihesabiwe, hata ukiwa wa kwanza. Chombo cha uokoaji chenye injini kiwe majini kabla ya mtumbwi wowote kuondoka. Na maofisa wa hali ya hewa waulizwe, na jibu lao litiiwe.

Ama kuhusu saa, tunawaomba radhi waheshimiwa wetu, lakini hatuna budi kusema. Upepo haumngojei mgeni rasmi. Ikifika saa iliyotangazwa naye hajafika, mbio zianze, na yeye aje kutoa kombe. Kiongozi anayewajali wananchi hataona kwamba amevunjiwa heshima. Sisi wenyewe tumewahi kukalishwa kwenye viti vya mbele tulipochelewa, huku watu wakiungua na jua kwa ajili yetu, na hatukujivunia hata kidogo.

Televisheni nayo ina lake. Zanzibar ilikuwa nayo tangu mwaka 1973, nasi wa bara tukangoja hadi mwaka 1994, kwa hiyo hatuna haja ya kuibeza neema tuliyoingojea kwa muda mrefu. Lakini kamera huufuata mtumbwi wa mbele, na katika mbio za ziwani hatari huwa nyuma, kwa waliochoka na wanaokumba maji. Watangazaji wapewe nafasi ya kamera moja kwenye boya la kugeukia. Hapo ndipo udanganyifu unapofanyika na ndipo watu wanapopinduka, na picha yake ingemsaidia mwamuzi anaposhambuliwa na mashabiki.

Kuna na jambo la akina mama. Wanawake wa visiwani hupiga kafi wakati mwingine wakiwa na watoto migongoni, na katika mashindano tuliyoyaona walipewa zawadi ndogo kuliko ya wanaume. Kama njia waliyopita ni ileile, tunataka kuelezwa sababu.

Atatokea wa kusema kwamba majaketi ni ghali. Tumeona fulana zenye nembo ya mfadhili zikigawiwa kwa umati mzima katika siku moja. Fulana hazielei. Watu wa Ukara hawahitaji kuelezwa hilo: tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere, kilichoruhusiwa kubeba abiria 101, kilipinduka karibu na Bwisya kikiwa kimebeba wengi zaidi ya hapo, na wananchi 228 wakapoteza maisha. Kabla ya hapo, tarehe 21 Mei 1996, tulizika mamia wa MV Bukoba. Watoto walioachwa na misiba ile ndio wanaopiga makafi leo katika timu zetu.

Baraza la Michezo la Taifa lipo kwa sheria tangu mwaka 1967, na lipo Shirika la Uwakala wa Meli lenye dhamana ya usalama wa vyombo vya majini. Wapo pia maofisa michezo na maofisa uvuvi wa Ilemela na Ukerewe, ambao wanaijua mialo yote kwa majina. Hawa wakikutana siku moja tu na manahodha wa mitumbwi, kanuni hizi zinaweza kuandikwa katika ukurasa mmoja na kubandikwa Kirumba, Igombe, Kayenze na Nansio kabla ya mashindano yajayo. Na vijana wale waliochekwa waitwe kwenye kikao hicho.