Kabla ya kupakia machungwa, leseni ionekane

Msimu wa machungwa unapopamba moto wilayani Muheza, magari huwa hayatoshi. Fuso, Canter na kirikuu huzunguka vijijini usiku na mchana kukusanya mzigo wa Dar es Salaam, na mwingine huvushwa Horohoro kwenda Kenya. Hapo ndipo dereva aliyezoeleka huchoka, na usukani ukashikwa na deiwaka. Mara nyingine deiwaka huyo ni utingo aliyejifunza udereva kwa kusogeza gari uani. Mara nyingine ni dereva mzoefu kweli, ila leseni yake imefungiwa.

Mwenye mzigo haulizi. Anauliza bei ya kusafirisha na saa ya kufika sokoni, basi.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, ambayo sasa ni Sura ya 168, haina utata katika jambo hili. Hakuna anayeruhusiwa kuendesha chombo cha moto barabarani bila leseni ya daraja la chombo hicho, na mwenye gari anayemruhusu mtu asiye na leseni naye ana kosa. Mahakama nayo inaweza kumzuia dereva aliyetiwa hatiani asiendeshe kwa muda fulani. Lakini barabarani anayekutwa na trafiki ni aliyeshika usukani. Aliyempa ufunguo yuko nyumbani akisubiri hesabu.

Faini za papo kwa papo zina kazi yake. Taa mbovu hutengenezwa, na mkanda hufungwa hapo hapo. Mtu asiye na leseni ni suala jingine, kwa sababu dakika moja baada ya kulipa bado hana leseni. Kumwambia alipe kisha aendelee na safari ni kumuuzia ruhusa ya siku moja. Gari kama hilo linapaswa kusimama mpaka apatikane dereva halali, na mmiliki aitwe aeleze. Machungwa yataharibika, ndiyo, na hasara hiyo ndiyo itakayomfanya mwenye gari afikiri mara mbili msimu ujao.

Anayedhani leseni ni karatasi tu ya kuwaonyesha polisi apite barabara ya Lushoto hadi Mombo. Ni takriban kilomita 33 za kona na makorongo, na malori ya kabichi, karoti na viazi huteremka humo yakiwa yamejaa kupita kiasi. Dereva aliyefunzwa huingiza gia ndogo kabla ya mteremko na kuiachia injini ishike gari. Asiyefunzwa hukanyaga breki tangu Soni, zikapata moto, na anapokaribia Mombo hazishiki tena. Kujifunza jambo hilo kwa kubahatisha, huku nyuma kuna tani kadhaa za viazi na wachuuzi wamekaa juu ya magunia, ni kucheza na roho za watu.

Huko chini barabara kuu nayo haisamehi. Februari 2023 watu wasiopungua 17 walikufa Magila Gereza, wilayani Korogwe, Coaster iliyobeba msiba ilipogongana na Fuso. Januari 2025 watu 11 walikufa eneo la Segera, wilayani Handeni, baada ya lori kuwavamia waliokuwa wamekusanyika kwenye ajali nyingine. Barabara ya namna hiyo si mahali pa kumpeleka mwanafunzi na mzigo.

Kuna na suala la fedha, ambalo wafanyabiashara wengi hawalijui mpaka yawakute. Bima inayolazimishwa na sheria inahusu vifo na majeraha ya watu wengine, si kabichi iliyo ndani ya gari. Hata mwenye bima kubwa, mikataba mingi inataka dereva awe na leseni halali na asiwe amezuiwa kuendesha. Likipinduka na deiwaka, kampuni ina sababu ya kukataa kulipa gari. Mkulima aliyetoa mzigo kwa mali kauli atabaki na nani wa kumdai?

Kumtambua aliyefungiwa si kazi ngumu kama zamani. Leseni za karatasi zilighushiwa kwa urahisi, na mwaka 2010 zilianza kutolewa za kielektroniki kupitia TRA, zenye alama za vidole na kumbukumbu za mhusika. LATRA nayo imeanza kuwathibitisha madereva wa magari ya biashara, na kwenye mabasi kuna kitufe cha kumtambua aliyeshika usukani. Kumbukumbu zipo. Kinachotakiwa ni kuzitazama, na si Segera na Hale peke yake, bali pia kwenye njia za Amani, Maramba, Bumbuli na Mlalo ambako mzigo huanzia.

Haki itendeke pia kwa kijana wa bodaboda anayewahisha maziwa kituoni alfajiri. Mwaka 2019 ada ya leseni ilipanda kutoka Sh 40,000 hadi Sh 70,000, ingawa muda wake uliongezwa kutoka miaka mitatu hadi mitano, na kabla ya hapo kuna ada ya chuo na nauli za kwenda mjini. Mafunzo yafuate watu kwenye kata kabla ya msimu, ndipo ukali uanze. Halmashauri zinazotoa mikopo ya asilimia 10, ambamo vijana wana asilimia 4, zisikabidhi pikipiki kwa kikundi ambacho waendeshaji wake hawana leseni. Gharama ya mafunzo iingizwe ndani ya mkopo.

Mahali pa kuanzia papo tayari. Kila lori la mazao husimama kwenye geti la ushuru wa halmashauri, na mkusanyaji huhesabu magunia na kutoa stakabadhi. Akiomba leseni na kuandika namba yake kando ya namba ya gari, halafu orodha hiyo ikapelekwa kwa trafiki wa wilaya kila jioni, wenye magari watajua kabla ya wiki kwisha kwamba deiwaka hapiti tena.